Macho Yangu Hayakuwa na Shida

Miwani niliyovaa kidato cha tatu ilikuwa ya mtu mzima wa kusomea gazeti. Mama aliinunua sokoni Migori, kwa mwanamke aliyeuza pia betri na nyembe, na hakuna aliyenipima macho. Nikiivaa, sakafu ilinijia juu, nikawa natembea nikiinua miguu kama mtu anayevuka mto. Wenzangu walinicheka, nami nikacheka pamoja nao. Heri wacheke miwani.

Naandika haya kwa ajili ya msichana aliye shuleni sasa hivi, anayemeza dawa zake chooni ili asionekane, na kwa ajili ya mama yake aliyemwambia afiche. Sitaeleza ugonjwa huu hutoka wapi, wapo waliousomea. Nitaeleza tu ilivyokuwa kuugua ukiwa ndani ya sare ya shule. Mengi ya haya bado yananitia aibu, na nimeyaandika nikiwa nimefunga mlango ingawa naishi peke yangu.

Kwetu ni Kegonga, sisi ni Wakuria. Shule yangu ilikuwa ya bweni, upande wa Kendu Bay, na jina lake nitaliacha. Lakini ugonjwa haukuanzia shuleni. Ulinipata likizo ya Agosti, nikiwa kidato cha pili, mjini Migori kwa shangazi yangu, nilikokwenda kumsaidia kuuza mitumba. Nilianza kumsikia mtu akiniita kutoka ndani ya rundo la nguo. Mwanzoni niliitika, kisha nikaona shangazi ananitazama, nikaacha kuitika kwa sauti. Usingizi ukaniruka. Nikaanza kuamini kwamba gauni nililovaa lilikuwa la mwanamke aliyekufa Ulaya, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiita, analitaka. Siku ya soko, watu wakiwa wamejaa, nikamrudishia. Nilivua kila kitu.

Shangazi alinirukia na shiti la kuuza akanifunika, na mpaka leo sijui ni wangapi waliniona. Huwa najiambia Migori ni mji wa wapita njia, wachimba dhahabu wa Osiri, madereva, watu wasionijua. Najiambia hivyo, lakini nikipita lile soko huwa sinyanyui uso.

Hospitalini Migori walinituliza kwa sindano, wakamwambia shangazi anipeleke Homa Bay, ambako kila Alhamisi kulikuwa na kliniki ya wagonjwa wa akili. Aliyetuona huko alikuwa nesi wa kiume aliyeitwa Otieno. Sote tulimwita daktari, naye alikuwa amechoka kutusahihisha. Mama aliposhuka kutoka Kegonga walizungumza Kiswahili, maana mama hakujua Kijaluo na Otieno hakujua Kikuria. Otieno alimwambia ningeweza kurudi shule mwaka ukianza, mradi nimeze dawa, nilale vya kutosha, na shule ijue. Mama alikubali yale mawili ya kwanza.

Usimlaumu kabla hujaelewa. Dada yangu mkubwa, Robi, alikuwa amepata mchumba kutoka nyumba yenye jina. Kwetu, kabla ng'ombe wa mahari hawajatoka, wazee wa upande wa mume huja kuichunguza nyumba ya msichana. Huulizia uchawi, huulizia kifafa, huulizia wazimu. Wakipata kimojawapo, basi nyumba nzima imechafuka, na wasichana wote waliomo wanazeeka kwa mama yao. Baba alisema kwao hakujawahi kuwa na kichaa. Mama akasema hata kwao. Baada ya hapo waliongea mambo ya shamba tu, na Robi akawa ananiletea chakula bila kuniangalia.

Kwa hiyo Januari mama alinipeleka shule mwenyewe, na mbele ya mwalimu mkuu, ambaye sote tulimwita Madam, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Hii mtoto macho yake inasumbua. Daktari ya Homa Bay anataka kumuona Alhamisi moja anaruka moja." Hakukosea kuchagua. Kliniki ya macho ilikuwa siku ileile, baraza ileile, mlango wa pili. Madam aliitazama miwani yangu, akasema poleni, akatoa ruhusa.

Ile baraza ilikuwa na benchi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya macho, wazee wenye vitambaa usoni na wajukuu wa kuwashika mkono. Ya pili ilikuwa yetu. Wengine waliletwa wamefungwa kwa kamba ya katani, wengine walicheka na ukuta, na wengi walikaa kimya tu kama mimi. Nilikuwa nageuza sweta ndani nje kuficha beji ya shule, kisha nakaa mwisho kabisa wa benchi ya macho, mpaka Otieno atoke aniite kwa ishara ya kidole. Alikuwa na huruma hiyo, hakuniita kwa jina. Palikuwa na mama mmoja mzee aliyemleta mwanawe mkubwa, na kila nilipomkuta alinikatia kipande cha kiazi kitamu bila kuniuliza nina nini. Sijasahau hicho kiazi.

Sindano nilichomwa makalioni, halafu tuliongea. Otieno hakuwa mtu wa maneno makubwa. Aliuliza nimelala vipi, nimekula nini, na wiki hizo nimeogopa nini. Nilimwambia kila kitu isipokuwa kwamba nilikuwa nimeanza kutupa vidonge.

Nilivitupa kwa sababu ya kengele. Shuleni tuliamshwa kungali giza kwenda kusoma kabla ya alfajiri, na vidonge vya jioni vilikuwa bado vimenikalia kichwani. Nililala juu ya daftari, mate yakanitoka yakalowesha kurasa, na mwalimu wa zamu akanipigisha magoti mbele ya darasa. Wasichana wenzangu waliita yale mate "ziwa." Nikawa natupa vidonge kimoja kimoja chooni. Kusoma nikasoma. Lakini kabla ya sikukuu ya Pasaka yule mtu alianza kuniita tena, safari hii kutoka kwenye bomba la maji nyuma ya bweni, na nikawa natembea mbali kulizunguka.

Otieno aliliona usoni kabla sijasema. Hakunigombeza. Alisema, "Boke, mimi nikikupa dawa ya kulala na shule ikikuamsha usiku, tunakuvuta huku na huku, na wewe ndiye utakatika. Niruhusu niongee na wao." Nilimwambia mama alikataa. Akaniuliza mimi je, nasema nini. Nilisema mama alikataa. Nilirudia hivyohivyo mpaka akaacha.

Nikarudi kumeza vidonge, nikawa napigishwa magoti tena. Halafu mwili nao ukaanza. Njaa niliyokuwa nayo siwezi kuieleza. Nilikula ugali wangu na wa wenzangu, nikakwangua sufuria ya maharagwe na wapishi wakinitazama. Mashavu yakajaa. Sketi ikagoma kufunga, nikaishika kwa pini. Matiti yakawa mazito na kuuma, na hedhi ikakatika kabisa. Otieno alinieleza kwamba dawa hufanya hivyo na kwamba angeibadilisha polepole. Ningefanya nini na maelezo hayo? Ningewaambia akina nani?

Muhula wa pili ulipofunguliwa, tulipangwa mstari nje ya chumba cha metroni, kama kila muhula. Wasichana wa shule za bweni za wakati ule wanaujua huo mstari. Unaingia, unalala kitandani, unainua blauzi, na metroni anakuminya tumbo kutafuta mimba. Wengine wote aliwaminya akiongea nao habari za likizo. Kwangu alinyamaza. Aliminya tena, akaniuliza mara ya mwisho niliona damu lini, nami nikasema ukweli, kwamba ni zamani. Aliniambia nivae, na hakumwita aliyefuata kwa muda.

Ujumbe ulimfikia mama kupitia mwalimu mmoja wa Kegonga. Alikuja Alhamisi asubuhi, siku niliyopaswa kuwa kliniki. Tulikaa nje ya ofisi kwenye viti vya wageni, na wasichana wakapita na kupita tena wakijifanya wana kazi. Mama alikuwa na vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi. Nilimnong'oneza kwamba sina mimba, akajibu kwamba anajua. Nikadhani basi yameisha.

"Mama Robi," Madam alisema tulipoingia, "huyu msichana ako na mimba. Metroni amemwangalia. Nataka nisikie kutoka kwako kama ulijua."

Mama alitazama mikono yake. Nilimsubiri aseme. Nilikuwa najua kabisa atasema, na nilikuwa tayari nimeinamisha kichwa kwa aibu ya kusikia neno lile likisemwa ofisini.

"Nilijua, Madam," mama alisema. "Ni kweli. Nipatie yeye, tutaenda nyumbani."

Sikumpinga. Hilo ndilo linalonichoma kuliko lile la sokoni. Niliposikia "ni kweli," kitu kilinilegea kifuani, na kilikuwa nafuu. Nilikwenda bwenini kufunga sanduku, na wale wale walioita mate yangu ziwa walinikunjia shuka. Mmoja alinipa biskuti zake. Mwingine alininong'oneza kuuliza ni nani, mwalimu au kijana wa mjini, na nikatabasamu kama mwenye siri. Kwa mara ya kwanza tangu Agosti nilikuwa msichana wa kawaida aliyefanya kosa la kawaida. Nilifurahia mimba ambayo sikuwa nayo.

Tukiwa njiani kuelekea barabara kuu, sanduku kichwani kwa mama, aliniambia kwa Kikuria kwamba mimba anaweza kuieleza. Wasichana hupata mimba kila mahali, na watu husema, na wakichoka wananyamaza. Hii nyingine angeieleza vipi, na watu wa Robi wanakuja baada ya mavuno? Nilisema sawa. Niliomba kitu kimoja tu, kwamba tupitie Homa Bay nichomwe sindano yangu, kwa sababu Kegonga hakuna kliniki na niliogopa kuitwa tena. Alikubali haraka mno, na hapo ndipo nilipojua kwamba yeye pia aliogopa.

Otieno alituona na sanduku, akatuingiza ndani kabla ya zamu yetu. Mama alimweleza wazi, bila kuficha, maana kwa Otieno hakukuwa na la kuficha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, mama," alisema. "Na miezi ikitimia, mtawaonyesha nini?"

Mama alifikiri. Alisema tutasema imetoka.

"Na huyu? Atatoka wapi kuja hapa, kama hayuko shule? Kutoka Kegonga kila mara? Na mkiulizwa anaenda wapi?"

Otieno akanigeukia akaniuliza ninataka nini, na safari hii sikumtaja mama. Nilisema nataka kusoma. Ilitoka na kilio, kwa sauti mbaya, na watu wa benchi ya nje walisikia. Otieno akasema kwamba basi lazima mtu akamwambie Madam, na kwamba yeye yuko tayari kusimama karibu, ila hatasema kwa niaba ya mtu yeyote.

Sijawahi kumwona mama akilia kabla ya siku ile, hata kwa misiba. Alilia akiwa ameketi wima. Halafu akasema kwa Kiswahili, ili Otieno naye asikie, "Aende aseme yeye. Mimi mdomo yangu imekataa."

Tulilala kwa watu wa kanisa, na kesho yake Otieno alipomaliza kazi yake ya wodi tukaenda naye. Njiani nilijizoeza maneno aliyonifundisha, kwamba nina ugonjwa wa akili na ninatibiwa. Maneno mazuri, ya heshima. Nilipofika mbele ya meza ya Madam yalinipotea yote.

"Sina mimba, Madam," nilisema. "Mimi ni kichaa."

Madam alisogeza kiti nyuma. Haikuwa mbali, kama upana wa kiganja, lakini nilikisikia kikikwaruza sakafu. Otieno alisema kwa upole tu, "Anatibiwa, Madam," na akavuta kiti chake mwenyewe karibu nami. Madam alimuuliza yeye, si mimi, kama nitawapiga wenzangu. Alimuuliza kama inaambukiza, kama ni mambo ya kurogwa, na kwa nini alidanganywa. Mama alikuwa ameketi nyuma yetu akiinama. Alisema neno moja tu, samahani, na akalisema mara nyingi.

Walipatana. Nilipimwa mkojo kwanza ili wahakikishe mimba haipo, na nilibeba ile chupa mkononi kupita mbele ya madarasa. Vidonge vyangu vingekaa kwa metroni. Nisingeamshwa na kengele ya alfajiri, ningelala mpaka kifungua kinywa. Alhamisi zangu zingebaki. Na kama mwalimu angeniona nikimjibu mtu asiyekuwepo, asishike kiboko, anipeleke kwa metroni, na metroni atume habari Homa Bay. Madam alisema atajaribu mpaka Agosti, na kwamba habari hizi hazitatoka ofisini.

Zilifika bwenini kabla ya chakula cha jioni. Niliporudi na sanduku langu, kitanda cha jirani kilikuwa kimesogezwa mpaka ukutani. Yule wa biskuti alijifanya anatafuta kitu sandukuni mwake. Alikuwa na huruma na mimba. Kwa hili hakujua aweke wapi mikono yake, na mimi pia sikujua. Nilikuwa msichana anayelala wakati wengine wanasoma, na kila alfajiri walipoondoka nilifunika uso, macho wazi, nikisikia viatu vyao.

Lakini nililala. Huo ndio ukweli wa upande wa pili. Nililala, nikapona kidogo kidogo, na bomba la maji likawa bomba. Metroni, ambaye nilidhani ananichukia, alikuwa akinipa vidonge na kikombe cha uji, kisha anakaa kusubiri nimalize huku akilalamika kuhusu kuku wake waliokuwa wakitaga kwa jirani. Kila siku ni kuku. Mwisho nami nikawa nauliza habari zao.

Mama wa msichana, kama umefika hapa katika kusoma, nakuomba jambo moja. Uongo wako utakuwa mzuri na utafanya kazi, na mtoto wako ndiye atakayeubeba darasani kutwa nzima wewe ukiwa nyumbani. Tafuta mtu mmoja tu pale shuleni anayeshika funguo za kengele au za dawa, umwambie. Aibu haitaisha. Kwangu haijaisha. Lakini atapata usingizi.

Agosti, mahindi yakiwa yameshavunwa, wazee wa upande wa mchumba wa Robi walikuja Kegonga. Walikuwa watatu. Mimi nilikuwa jikoni nyuma ya nyumba, nilikowekwa, nikimenya ndizi. Mzee wao mkubwa, mwenye sauti ya kukata, aliuliza maswali yote ya kawaida, na nilimsikia baba akijibu hapana, hapana. Alipofika kwenye wazimu, baba alikohoa.

Mama ndiye aliyejibu. Aliniita kwa sauti kubwa, nikatoka na mikono yangu ya utomvu, akanisimamisha mbele yao akanishika bega.

"Huyu ni Boke," alisema. "Anaugua akili. Anatibiwa Homa Bay, na shule inajua, na anasoma. Hakuna mwingine, na hakuna kingine tulichoficha."

Robi alitoka nje. Baba alitazama chini. Nilitaka ardhi inimeze, na wakati huohuo sikutaka mama auondoe mkono wake. Wazee walikunywa chai yao wakaimaliza, wakasema watatuma neno, na sote tulijua maana ya hilo. Walipofika langoni wale wawili walitangulia. Yule mzee mkubwa alirudi, kama aliyesahau fimbo, ila fimbo alikuwa nayo. Alisimama karibu na mama akaangalia upande wa zizi.

"Hiyo kliniki," aliuliza, na sauti yake haikukata tena. "Ni siku gani?"

"Alhamisi," mama akamwambia. "Mleteni mapema. Boke atakuwa pale, atawaonyesha benchi."